Dada Niliyemzuia Mlangoni

Mwanga, Kigoma
Jumapili, mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijasema yangu, naomba kwanza kujua mguu wako unaendeleaje. Mama mdogo anataka nikuulize kama ule uvimbe umepungua na kama bado unachota maji mwenyewe, maana anasema utadai unapumzika hata kama hupumziki. Na baba je, kifua? Alizeti mmemaliza kuvuna? Sisi wawili huku kiafya hatujambo. Wiki hii mama mdogo yuko zamu ya mchana hospitalini, ndiyo maana nyumba imetulia na nimepata nafasi ya kuandika.

Mama, ulipopiga simu siku ile nilikujibu "niko salama" mara tatu au nne halafu nikanyamaza. Najua ulikasirika. Lakini nilikuwa nawasikia wote hapo, baba, shangazi na yule jirani mwenye simu, na unanijua nilivyo, mbele ya watu wengi maneno yananikwama. Ulisema redio imetangaza kuwa mtu ameingia chuoni na panga, na kwamba nifungashe vitu nirudi nyumbani. Sikukujibu. Sasa nakujibu, na nitakueleza mambo yote yalivyokuwa, pamoja na lile ambalo redio haikulisema. Barua hii nampa mwalimu mmoja wa Kondoa aliyekuja huku kwenye semina. Ameahidi kukupa mkononi. Naomba uisome mwenyewe kwanza kabla ya kuwasomea wengine.

Kazi yangu nilikueleza kwa juujuu tu. Maktaba ya chuo ni jengo la ghorofa moja juu ya kilima, ukisimama mlangoni unaona ziwa lote na mabati ya mtaa wa Bangwe chini. Tuko watatu. Mkuu wetu ni Mama Adela, mama wa makamo, kwao ni Simbo. Sauti yake ni ndogo kuliko hata yangu, lakini akiongea watu husogea karibu ili wasikie. Wa pili ni kaka Hamisi wa Ujiji, fundi wa kujalidi vitabu vilivyochanika. Huyo ananiita Mgogo. Nimemwambia mara nyingi kuwa Kondoa sisi ni Warangi, lakini anasema kwake yeye kila mtu asiyejua kuogelea ni Mgogo.

Mimi niko meza ya mlangoni. Msomaji akija ananiachia begi na kitambulisho chake, nami nampa kibao kidogo chenye namba. Vibao vinaning'inia kwenye ubao wenye misumari sitini. Akitoka ananirudishia kibao, nampa vitu vyake. Kwa hiyo ukitazama ubao unajua kuna watu wangapi ndani, maana kila msumari mtupu ni mtu mmoja. Kazi hii naipenda, mama. Haihitaji maneno mengi.

Wiki moja kabla ya tukio nilifanya kosa. Kijana mmoja alikuja hana kitambulisho, akanibembeleza kwamba ana mtihani saa ileile, nikamwonea huruma nikamruhusu. Jioni tukakuta kamusi kubwa haipo. Mama Adela hakunifokea. Aliniita pembeni akaniambia kuwa huruma yangu imetupotezea kitabu ambacho wasomaji walikingojea miaka miwili, na kwamba mtu asiye na kitambulisho haingii, hata awe nani. Niliona aibu kubwa. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nimalize shule, na aliyeniombea ni mama mdogo. Usiku nikalala nikiyarudia maneno yale kama mtu anayekariri kwa ajili ya mtihani.

Basi, ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na watu walikuwa wanaingia na tope jekundu, kwa hiyo nilikuwa natazama miguu zaidi kuliko nyuso. Akaja dada mmoja anapanda ngazi mbio. Alikuwa amejitanda kanga, mikono yote iko ndani ya kanga. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine mtupu. Niliuona ule mguu mtupu, mama, na nilichofikiri ni kwamba atanichafulia sakafu.

Nikasema, "Kitambulisho, dada."

Akasema, "Sina. Naomba niingie."

Nikamwambia kwamba bila kitambulisho haingii. Nilisema kwa upole na adabu, kama ulivyonifundisha kuongea na watu walionizidi umri. Hakubishana nami. Alinitazama, akageuka nyuma kutazama njia aliyotokea, kisha akashuka ngazi na kuzunguka jengo upande wa kushoto. Nami nikarudi kuandika majina kwenye daftari. Nataka ujue na hili: nilijisikia vizuri. Niliona kwamba safari hii nimefanya kazi yangu sawasawa.

Sidhani kama dakika moja ilipita. Nikasikia makelele upande wa kantini, kisha mlinzi akatokea anakimbia, akapiga ukuta kwa rungu lake akituambia tufunge, kuna mtu ana panga. Halafu akakimbia kwenda kuita wenzake. Mimi nilisimama tu. Mama Adela ndiye aliyetoka ofisini kwake, akavuta geti la chuma, akasukuma komeo, akafunga na kufuli. Alipogeuka kwa wasomaji sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku.

"Wanangu, tuache vitabu mezani kama vilivyo. Tunakwenda chumba cha nyuma, kwa Hamisi. Hakuna kukimbia."

Na kweli hawakukimbia. Nimelifikiria sana jambo hilo. Nadhani ni kwa sababu mahali pale wamezoea kutembea polepole na kunong'ona, basi miili yao ikafuata mazoea. Kaka Hamisi alipita kila safu ya rafu akiwagusa mabega wale waliokuwa wameweka spika za simu masikioni. Mama Adela alinigusa na mimi begani, akaniambia nichukue ubao wa vibao nije nao. Nikaung'oa ukutani nikaukumbatia.

Chumba cha kujalidia hakina dirisha, kina mlango wa ndani na mlango mdogo wa nyuma wa kutolea takataka za karatasi. Tulibanana humo katikati ya makopo ya gundi na vitabu visivyo na majalada. Mlango wa ndani kaka Hamisi akauzibia kwa mashine yake ya kukatia karatasi, ambayo siku nyingine huwa anasema watu wanne hawaiwezi. Huko mbele tukasikia panga linapigwa kwenye geti. Kwanza pigo moja, kisha mengi. Na sauti ya mwanaume inasema, "Mtoeni mke wangu. Najua yuko humo." Msichana mmoja karibu yangu alianza kulia, mwenzake akamkumbatia na kumficha uso.

Mama Adela akahesabu vichwa kwa kidole. Thelathini na saba. Akanitazama, nikahesabu misumari mitupu. Thelathini na saba. Akafumba macho akasema, "Mungu asifiwe, wote wapo." Kaka Hamisi akateremka polepole na mgongo ukutani mpaka akakaa chini.

Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, mama. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kutafuta mtu mwingine. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba yule dada hakuwa kwenye hesabu kwa sababu sikumpa kibao.

Nikasema, "Kuna mmoja nje." Hakuna aliyesikia. Hata mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu vizuri. Na nitakuambia ukweli, sekunde ile nilifikiri kwamba nikinyamaza, hakuna atakayejua milele. Pengine amekwisha kimbilia mbali. Pengine siye. Halafu nikakumbuka ule mguu mtupu. Nikamvuta Mama Adela mkono wa gauni, nikamwambia yuko dada alikuja hana kitambulisho, nami nimemzuia, na nadhani ndiye anayetafutwa.

Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza tu alielekea wapi. Nikasema upande wa kushoto, kwenye matangi ya maji. Matangi yako hapohapo nyuma ya ule mlango mdogo.

Kaka Hamisi alisimama akamnong'oneza kwamba tuna watoto wa watu thelathini na saba humu ndani, na tukifungua halafu yule mtu akazunguka, tutajibu nini. Hakusema kwa ubaya. Yeye mwenyewe ana mabinti. Mama Adela akainua kidole ili tusikilize. Panga lilikuwa bado linapiga geti.

"Yuko mbele," akasema. "Maadamu anapiga, huku nyuma hayupo. Fungua. Akinyamaza, funga, hata kama mimi niko nje."

Kaka Hamisi akafungua kidogo, akaita kwa sauti ya chini, "Dada. Dada, njoo." Hakutoka mtu. Ndipo nikaelewa kwamba dada yule hawezi kuifuata sauti ya mwanaume saa ile. Mama Adela alikuwa anavua viatu ili atoke mwenyewe, nami nikampita. Sijui nilimpitaje. Mimi ambaye hata darasani sikuwahi kunyoosha mkono.

Ni hatua nane mpaka kwenye tangi. Nimezihesabu baadaye. Alikuwa amechuchumaa kati ya tangi na ukuta, kanga imelowa. Nilidhani imelowa mvua. Nikamwambia njoo. Akatikisa kichwa, akanitazama kama mtoto aliyefukuzwa darasani, akasema, "Sina kitambulisho."

Mama, hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Panga silioti kabisa. Naota yeye ananiambia hana kitambulisho.

Nikamwambia, "Ingia hivyo hivyo, dada. Ingia." Nikamshika kiunoni nikamwinua. Kanga ikadondoka, ndipo nikaona mkono wake wa kushoto. Alikuwa amekwisha katwa huko kantini kabla hajafika kwangu. Aliposimama mbele ya meza yangu, mikono imefichwa, alikuwa ameushikilia mkono wake, na mimi nilikuwa nasubiri autoe anionyeshe kadi.

Tuliingia. Kaka Hamisi akafunga. Akatwaa bunda la kile kitambaa cheupe kigumu anachojalidia vitabu, Mama Adela akawa anamwelekeza, naye akamfunga mkono kama anavyofunga mgongo wa kitabu, mizunguko ya karibukaribu, anavuta na kubana. Wakati wote alikuwa anamwambia, "Pole mdogo wangu, vumilia, mimi fundi, muulize huyu Mgogo." Na yule dada, mama, akatabasamu kidogo sana. Nikamlaza kichwa mapajani mwangu.

Kisha mapigo ya geti yakakoma. Kule kunyamaza kulikuwa kubaya kuliko kelele. Baadaye tukasikia watu wengi, vishindo, halafu sauti ya mlinzi wetu anamwita Mama Adela kwa jina. Walinzi na madereva wa bodaboda wa pale barabarani walikuwa wamemzunguka kwa nyuma wakamkamata, na polisi walipofika wakamchukua mzima. Dada akapelekwa hospitali kwa gari la chuo. Anaitwa Esta, yuko mwaka wa pili, anasomea ualimu. Yule mtu alikuwa mchumba wake tu, hawakuwahi kuoana. Alitaka Esta aache masomo, Esta akakataa, akavunja uchumba.

Sasa nikueleze alichofanya Mama Adela baada ya polisi kuondoka. Wasomaji walitaka kutoka mbio, yeye akawaomba wapange mstari kwenye meza yangu kama siku zote. Nikafikiri, hata leo tunafuata taratibu? Akasimama pembeni yangu, akawa anasoma jina kwenye kila kitambulisho, anamtazama mwenyewe usoni, anamuuliza anaishi na nani na nani atamsindikiza. Aliyekuwa hana mtu aliambiwa akae kwenye benchi asubiri mwenzake wa njia moja. Ilichukua karibu saa nzima. Baadaye aliniambia kwamba mtu aliyeogopa namna ile anahitaji kuitwa jina lake. Halafu yeye na kaka Hamisi wakapiga deki chumba cha nyuma wenyewe, mimi wakanikataza. Waliniweka ofisini na chai ya maziwa.

Siku ya pili uongozi ukataka kila mmoja wetu aandike maelezo. Kaka Hamisi alinifuata akasema la mlangoni niliache lipite, kwamba Esta yuko hai, mimi ni kibarua tu, na watu wa ofisini wanapenda kumpata wa kumbebesha. Alisema kwa kunipenda. Nilikaa na karatasi mpaka adhuhuri. Nikaandika kila kitu, nilivyomuuliza, alivyonijibu, na kwamba nilimzuia. Nikampelekea Mama Adela nikiwa nimeshakusanya na vitu vyangu kwenye mfuko.

Akasoma. Akavua miwani. Akasema, "Haya maneno uliyomwambia ni yangu. Nilikufundisha mimi." Akachukua kalamu, chini ya maandishi yangu akaandika kwamba mfanyakazi huyu alitekeleza agizo alilopewa na mkuu wake wiki iliyotangulia, na kwamba mkuu huyo hakuwahi kumfundisha la kufanya mtu akija anakimbia. Akatia sahihi. Kisha akauona mfuko wangu, akaniuliza naenda wapi wakati kuna vitabu vya kurudisha kwenye rafu. Kwa hiyo kazi bado ninayo, mama. Sasa kila Ijumaa tunakaa sote watatu, pamoja na mlinzi, tunajifunza: nani anafunga geti, nani anapita kwenye rafu, nani anashika mlango wa nyuma. Kaka Hamisi analalamika kwamba mashine yake itamvunja kiuno.

Kwa Esta nilikuwa naogopa kwenda. Siku ya nne mama mdogo akaniambia, "Anauliza habari zako kila nikipita wodini, mimi nimechoka kukutungia udhuru." Nikapika uji, nikamchukulia na samaki mmoja wa huku, mgebuka, wa kukaanga. Nilipofika sikujua niseme nini, nikasema samahani, nikalia. Alisubiri nimalize. Akasema kule nyuma ya tangi alinichukia, alinichukia kuliko hata yule mwenye panga, kwa sababu yule alishamjua na mimi alikuwa ametegemea nitamfungulia. Akasema sasa hanichukii. Akaomba nimchambulie samaki, maana mkono mmoja hauwezi. Tangu siku hiyo nakwenda kila jioni. Tunaongea kidogo tu. Na yeye si mtu wa maneno.

Sasa nafika kwenye jibu langu na ombi langu. Kurudi nyumbani moja kwa moja, mama, sitaki. Najua unaogopa, na mimi naogopa pia, mlango ukigongwa kwa nguvu nashtuka. Lakini nikiondoka sasa nitabaki maisha yangu yote kuwa yule aliyemzuia, na nadhani nikibaki ninaweza kuwa kitu kingine. Mama Adela amenipa ruhusa ya wiki tatu mwezi ujao, nitakuja mnione, kisha nitarudi kazini.

Esta atatoka hospitali wiki ijayo. Daktari anataka mkono upumzike na chuo kimemruhusu mpaka muhula mwingine, lakini hana pa kwenda. Kwao na kwa yule mtu ni kijiji kimoja, nyumba zinatazamana, na ndugu za yule mtu wanasema Esta ndiye aliyemwingiza ndugu yao gerezani. Mama yake alikuja akakaa siku tatu akalazimika kurudi kwa watoto wadogo. Mama mdogo amesema alale na mimi hapa kwa sasa. Lakini hapa Mwanga watu wanamjua, atasimamishwa sokoni aonyeshe kovu. Naomba nije naye. Ni Mkristo, Jumapili atakwenda kanisani kwao, hatakusumbua. Hawezi kutwanga wala kuchota maji, hilo nakuambia mapema, kazi zake nitafanya mimi. Na akifika, mama, mkaribishe tu kwanza. Usimuulize. Akitaka kusema atasema.

Mwambie baba nimemsalimu na kwamba sijaacha kusali. Msalimu sana bibi mzaa baba, mwambie samaki wa huku wana miiba midogo, asiwe na hofu, sijakwamwa. Msalimu shangazi, na mjomba mwenye mashine ya kusaga, na dada yangu pamoja na mtoto wake mchanga ambaye sijamwona. Yule jirani mwenye simu mshukuru, umwambie safari ijayo nitaongea.

Mama mdogo anakusalimu, ameomba nimwachie nafasi hapa chini aandike lake. Esta naye anakusalimu. Nilipomwambia kwamba nakuandikia kukuomba, alisema nisikusumbue, mama wa watu hamjui. Nimekuomba hata hivyo.

Ni mimi mwanao,
Salma